Mtutu Mpya wa Bunduki ya Baba

Maporomoko, Tunduma
Jumapili, baada ya ibada

Mdogo wangu mpendwa, Mama Aliko,

Nakusalimu kwa upendo wa ndugu wa tumbo moja. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimeachia. Sisi huku tu wazima. Goti langu hunilalamikia kila tunapopiga magoti kanisani, lakini silisikilizi. Wifi yako amekufungia dagaa za kapenta kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Utazipata kwa dereva aliyekuletea barua hii. Mwanao Jenista hajambo, na leo tumekaa naye benchi moja kanisani.

Sikukupigia simu, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Jambo nililo nalo ni refu, na mtandao wa huko kwako Ibaba hukatika penye neno lenyewe. Tena nakujua: ukisikia neno "bunduki" utakata simu kabla mtandao haujakata. Ukitaka kuichoma barua hii, nakuomba uifikishe mwisho kwanza.

Sitaki kukukumbusha uchungu unaoujua kuliko mimi. Lakini lazima nianze hapo, kwa sababu ombi langu linaanzia hapo. Gobore la mumeo, shemeji yangu Sadoki, lilitengenezwa kwa bomba lililotolewa kwenye lori bovu hapa hapa Tunduma. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umelowesha baruti, likakataa kulia. Naye, akiwaona nguruwe katikati ya mahindi, akashindilia baruti nyingine juu ya ile ya kwanza. Bomba likapasuka mikononi mwake. Makaburini ulisema, mbele ya watu wote, kwamba mtoto wako yeyote atakayeshika bunduki asile tena kutoka chunguni mwako. Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Neno hilo limesimama hadi leo, wala hakuna aliyethubutu kulisogeza.

Sasa nguruwe wamerudi. Unawaona wewe mwenyewe. Sina haja ya kukuhesabia matuta ya viazi yaliyofukuliwa. Aliko ananiambia kwamba siku hizi mbwa wanabweka huku wakirudi nyuma, na ngoma nguruwe wamekwisha kuizoea. Wazee wa ukoo wetu waliketi, wakaona vema kwamba bunduki ya marehemu baba, iliyokuwa imehifadhiwa polisi tangu afariki, iandikwe kwa jina la Aliko. Hiyo si gobore. Ni bunduki ya kiwandani, ya kujipakia yenyewe: ukipiga risasi moja, inayofuata huingia mahali pake, bila mtu kusimama kwenye ukungu akishindilia baruti. Kibali maalumu kilichelewa sana, lakini kimetoka. Hata hivyo, Aliko amesema hataigusa hata kwa kidole mpaka mama yake aruhusu. Ndiyo maana naandika. Naomba uruhusu bunduki hii iingie Ibaba, na naomba jambo la pili ambalo nitalieleza baadaye.

Ilipotoka polisi ilikuwa imechakaa vibaya. Kitako kilikuwa kimepasuka, springi zimelegea, na kutu imetembea kila mahali isipokuwa pale penye namba yake. Nikaipeleka, pamoja na askari wa kunisindikiza na karatasi zote, kwenye karakana moja ya Vwawa iliyo na leseni ya kazi hiyo. Mwenye leseni ni Mzee Jairo, mwanajeshi mstaafu, ambaye hukaa mlangoni na redio yake, akikagua vibali na kumtania kila anayeingia. Aliniona nimevaa koti na tai, akaniuliza kama nimekuja kuifungisha ndoa hiyo bunduki au kuitengeneza. Nilimjibu kwamba tai huvaliwa na mtu anayejiheshimu. Akasema basi yeye amekwisha kujiheshimu vya kutosha, sasa anapumzika. Ndivyo tulivyoanza kujuana.

Lakini meza ya kazi ni ya fundi wake, na habari ya fundi huyo ndiyo iliyonikosesha usingizi kwa furaha na kwa hofu pamoja.

Kabla ya kuigusa bunduki kwa kazi yoyote, fundi alivuta nyuma chuma cha kupakilia, akatazama chemba ya risasi, kisha akaingiza kidole cha mwisho kuhakikisha hamna kitu. Akaenda kunywa maji. Aliporudi akafanya vilevile. Nikamwambia kwamba sote tulikuwa hapo na hakuna aliyeisogelea. Akanijibu kwa adabu kwamba anajua, huku kidole kikiwa kimo ndani tayari.

Kisha akaifungua yote, akapanga vipande juu ya kitambaa cheupe. Vilivyofaa akaviweka kulia, visivyofaa kushoto. Kushoto kulijaa. Mwili wa bunduki wenye namba ulibaki kulia, na fundi akasema kwamba huo ndio baba; vingine vyote ni nguo, nazo tutamchagulia mpya. Vipuri vyenyewe viliagizwa kwa kibali, vikapita forodha kwa njia ya halali, na viliponijia machoni vilikuwa vimefungwa kwenye karatasi za mafuta kama vitu vya madhabahuni.

Fundi alinipa mtutu wa baba nitazame ndani yake kuelekea dirishani. Niliona giza na madoa, kama gunzi lililoliwa na wadudu. Halafu akanipa mtutu mpya. Mdogo wangu, sijui nikuandikieje. Ndani yake mlikuwa na mifereji myembamba inayojizungusha taratibu hadi mwisho, mwanga ukizunguka pamoja nayo, na kule mbele kiduara cha anga kisicho na doa. Nimesoma Zaburi za uumbaji maisha yangu yote, nikastaajabia milima na nyota. Sikujua kwamba mkono wa mwanadamu nao umepewa kunyoosha kitu kiasi kile. Nilitazama mpaka Mzee Jairo akauliza kama humo ndani kuna sinema, na kama ipo, basi tupokezane.

Mitutu ya kuchagua ilikuwa miwili. Mzee Jairo alipenda ule mrefu na mzito, akidai kwamba uzito hutuliza mkono. Fundi akauliza ni nani atakayeubeba kupanda makorongo ya Ibaba asubuhi na kurudi nao jioni, akachagua mfupi. Wakabishana. Mzee Jairo alitaja miaka yake ya jeshini. Fundi akamkumbusha kwamba jeshini alikuwa na gari. Mzee huyo akageukia redio yake, na mtutu mfupi ukabaki mezani.

Mimi nami nilitaka yangu. Nilitaka kitako cha mninga, kama kile cha baba, kwa heshima. Fundi alikubali kwamba mninga ni mzuri, akasema kwamba baba aliwindia Momba kwenye jua, wakati bunduki hii itaishi katika ukungu. Mti hunywa unyevu, huvimba, na ukivimba husukuma mtutu, na mtutu uliosukumwa hupeleka risasi usikotaka. Akanionyesha kitako cheusi cha plastiki. Nilikichukia, na bado nakichukia. Ndicho kilichofungwa. Nilitaka pia magazini ya risasi ile kubwa, ndefu kama ndizi, nikidhani kwamba kikubwa ndicho bora. Fundi aliichukua mkononi mwangu, akairudisha kabatini, akafunga kwa ufunguo. Ndipo aliposema kwamba sheria haiiruhusu, na hata ingeiruhusu, mtu anayelinda viazi haendi vitani. Mzee Jairo akataka kujua kama mimi, mwalimu wa shule, nilikuwa na mpango wa kuiteka Nakonde.

Kwenye kifyatulio ndipo nilipoelewa kazi ile ni nini. Vilikuwapo viwili, na bunduki ikiwa tupu, fundi alinitaka nivijaribu. Kimoja kiliachia kwa kuguswa tu. Kingine kilihitaji mtu akusudie. Nikasifu kile chepesi. Fundi akaniongoza nje kwenye bomba la maji, akaniambia nishike maji ya baridi mpaka vidole viume, halafu nijaribu tena. Nilirudi, nikakigusa kile chepesi, nacho kikalia kabla sijajua kwamba nimekigusa. Fundi akakiondoa mezani.

Nilikuwa pia na kamba niliyompimia Aliko mkono, ili kitako kimkae begani. Fundi aliinyoosha, akaniuliza nimepima mkono upi. Nikasema wa kulia, naye akasema kwamba Aliko, tangu alipoanguka kwenye mpeasi na kuvunjika bega, hufanya mambo yote kwa kushoto. Ni kweli, nami mjomba wake nilikuwa nimesahau. Akakifupisha kitako kwa bega la kushoto, kisha akatafuta kipande kidogo cha kukinga, kwa sababu bunduki hii hutupa maganda ya risasi upande wa kulia, na kwa mtu wa kushoto yangempita mbele ya macho. Bila shaka unajiuliza fundi wa Vwawa amelijuaje bega la mwanao.

Fundi huyo ni Jenista.

Nimelificha jina lake makusudi, kwa sababu ungelikuta mwanzoni usingeisoma kazi yake, na nilitaka uione kazi kabla ya kumwona yeye. Ile ofisi ya wakala wa forodha aliiacha zamani. Alikuwa akishughulikia nyaraka za vipuri vya karakana hiyo, siku moja akaomba aonyeshwe vinawekwa wapi. Mzee Jairo akamwonyesha, na tangu hapo hakurudi ofisini. Mimi pia sikujua, mpaka nilipoingia na bunduki ya baba nikamkuta amevaa aproni. Alisimama wima kama mtoto aliyefumaniwa. Nilikuwa na maneno makali mdomoni. Akanyoosha mikono, akaniomba bunduki, nami nikampa.

Baadaye nilimwuliza anawezaje kushika kitu kilichomla baba yake. Akafungua droo, akatoa kipande cha lile bomba, alichokiokota shambani wakati wa matanga. Akanionyesha mshono ulipoachia. Alisema kwamba baba yake hakuwahi kushika bunduki. Alishika bomba la lori, kwa sababu hakuwapo mtu wa kumwambia tofauti. Mzee Jairo alizima redio.

Tena kuna hili, Mama Aliko. Umeninung'unikia kwamba Jenista akija Krismasi hula mikate ya dukani na kunywa soda, na chakula chako hakigusi. Ukasema mji umemharibu, anaringa. Haringi. Amekuwa akilishika neno lako. Alikuwa amegusa bunduki, kwa hiyo hakula chunguni mwako, na hakuwa na ujasiri wa kukuambia sababu. Aliketi jikoni kwako, akinusa maharage yako, akimega mkate.

Hilo ndilo ombi langu la pili. Unajua desturi: neno la mama lililosemwa makaburini halifutwi na mjomba, wala na mzee wa kanisa, nami ni vyote viwili. Hulifuta mama mwenyewe, kwa kuchukua maji kinywani na kumpulizia mtoto viganjani. Jumamosi Jenista atapanda Ibaba. Bunduki itabaki ofisi ya kijiji pamoja na askari na Aliko, haitafika uani kwako. Jenista atakuja peke yake, atasimama nje na kukunyooshea mikono. Ukiona huwezi, usitoke. Ataelewa, atashuka, na bunduki itarudi polisi. Nami sitakulaumu, maana aliyefiwa ni wewe.

Lakini ukitoka, nakuonya jambo moja. Mafuta ya kazi ile hayatoki mikononi kwa sabuni wala kwa majivu, nimemwona akijaribu. Maji yatateleza na kumwagika chini, nawe utadhani yamekataa. Puliza tena.

Nisalimie Aliko, na jirani zako wa kanisani, na wote wanaouliza habari zangu. Wifi yako anasema kapenta uzianike kwanza kabla ya kuzihifadhi. Mungu akulinde wewe na shamba lako.

Ni mimi, kaka yako,
Timotheo