Kigelegele kwa Tumbo la Kondoo

Mjomba Shaame, nakushika miguu kutoka huku ughaibuni, Kilburn, ingawa vidole vimekufa ganzi kwa baridi.

Jirani yangu Mskoti alinialika karamu ya kumkumbuka malenga wao. Zumari likalia, watu wote wakasimama. Nikajua bibi harusi anatolewa, nikapiga kigelegele. Kumbe ni tumbo la kondoo lililojazwa nyama, juu ya sinia! Mzee mmoja akalisomea shairi zima, kisha akalichoma kisu, wakamshangilia. Mimi nilikula viazi, maana aliyechinja simjui.

Nikauliza malenga mwenyewe aliishi vipi.

"Kwa dhiki," wakajibu, vinywa vimejaa.

Nikakukumbuka, Mjomba. Harusi zetu zote unazitungia wewe, na sinia lako huja mwisho. Nikirudi utakula wa mwanzo, maadamu meno bado unayo.

Mpwa wako akupendaye,
Time