Maurine Aliyebaki Ndani ya Kompyuta Yetu

Mama Kavutha mpendwa, naomba unisaidie kabla nyumba yangu haijaanguka, na jina langu usilifiche ukiichapisha barua hii, kwa sababu mimi sina la kuficha. Naitwa Dishon Bwire, naishi Kware na mke wangu Phelister na watoto wetu wawili, na kazi yangu ni ukarani wa stoo katika kiwanda kimoja hapa Viwandani. Mke wangu huchapia watu vijitabu vya mazishi na kadi za harusi, na kwa muda mrefu alikuwa akienda saiba, kwenye kompyuta za kukodi, kupanga foleni na picha za marehemu mkononi, mpaka nikaona haya nikamnunulia kompyuta yake ya nyumbani. Niliichukua kwa fundi mmoja wa Mbotela anayeitwa Bedan, mtu safi sana, na rafiki yangu kazini akanipa kasha jipya la kuibebea, ikapendeza, nikamwambia mke wangu ni mpya kutoka dukani, maana unajua mwenyewe Mama, mtu ukimwambia zawadi yake ni mtumba furaha hupungua, na mimi nilitaka afurahi. Na kweli alifurahi, akaifunika kwa kitambaa cha kushona mwenyewe na kuwakataza watoto kuigusa.

Basi kesho yake jioni tumekaa tunakula, yeye ameiacha imewaka kwa sababu alikuwa na kazi ya mteja, kengele ndogo ikalia na kwenye pembe ya kioo pakatokea ua na maneno: "Maurine mrembo, umependeza leo. Kunywa maji." Phelister akaweka kijiko chini akaniuliza Maurine ni nani. Mimi nilijua mara moja kwamba ni programu ya vikumbusho aliyoiacha mwenye kompyuta wa zamani na Bedan akasahau kuitoa, lakini ningesemaje hivyo na nimeshasema ni mpya, kwa hiyo nikamjibu kwamba kompyuta zote mpya siku hizi hutoka kiwandani na Maurine wao. Akakiokota kijiko akaendelea kula. Kumbe Mama, alikuwa anajipanga kwenda kwa jirani yetu Ifrah, ambaye mumewe amemnunulia kompyuta dukani juzi juzi, akamwomba amwonyeshe Maurine wake, na Ifrah akamtafuta kwa moyo wote asimwone.

Tangu hapo kila tukikaa kula Maurine anasifiwa na kuambiwa anywe maji, mke wangu ananitazama, mimi natazama sahani. Nikaamua kumaliza mambo. Jumapili Phelister alipokwenda kwenye mkutano wa akina mama kanisani nilifungua kompyuta, nikaiona ile picha ndogo ya ua, nikaiburuta mpaka kwenye pipa la taka, nikalimwaga pipa, nikajipongeza kwa chai. Jioni kengele ikalia kama kawaida. Phelister alikuwa ameshaona kwamba ile picha ya ua haipo mahali pake, akaniambia kwa sauti ya chini, "Umemfukuza nikiwa sipo, na amerudi. Dishon, huyu mtu ameizoea nyumba hii."

Nikaenda kwa Bedan nikamweleza, akacheka mpaka akashika meza. "Buda, wewe umetoa picha tu," akasema. "Mwenyewe bado ako ndani." Akaniambia nilete mashine aifute yote ianze upya, lakini ndani mna kazi zote za mke wangu, pamoja na kijitabu cha mazishi ya mzee Nzivo ambayo ni wikendi hii, na tena nikiipeleka kwa Bedan mke wangu atajua ilitoka kwa Bedan. Nikamwomba basi aje nyumbani ajifanye fundi wa kampuni, amweleze Phelister kwamba Maurine ni kitu cha kawaida. Akakataa, eti yeye hutengeneza kompyuta, ndoa hajasomea.

Ndipo Phelister akamwita dada yangu mkubwa, Muhonja, aje kutoka Majengo atusikilize. Nilijitetea vizuri sana, Mama, hata dada akaanza kuniitikia kwa kichwa, akasema ndugu yake amelelewa kanisani na hana mambo hayo, na hapo hapo kengele ikalia. Dada aliyasoma yale maneno kwa sauti, neno kwa neno, kisha akaniuliza kama huyo Maurine kwao hakuna maji. Aliondoka bila kumaliza chai.

Sasa mke wangu analala na watoto. Chakula ananiwekea, salamu hanipi. Nikiitoa ile programu atasema nimeharibu ushahidi, nikiiacha Maurine ataendelea kupendeza kila jioni, na mimi huyo Maurine sijamwona hata siku moja. Nifanye nini mke wangu aniamini, mimi mtu mkweli?

Dishon, Kware

*

Dishon, mwanangu, pole. Pole ni hiyo moja, usingoje nyingine.

Nimeisoma barua yako nikimtafuta mwanamke anayebomoa nyumba yako, na sikumwona. Nilichoona ni uongo wa kasha, kisha uongo wa kiwanda, kisha mume mzima anamwendea fundi wa watu kumwomba aje amsaidie na uongo mwingine. Halafu unaniuliza mtu mkweli ataaminiwaje. Nami ningependa kukutana na huyo mtu mkweli, maana kwenye barua yako hayumo. Na haya yote kwa sababu uliogopa neno mtumba, wewe unayeishi Nairobi, ambako nusu ya waumini huenda kanisani na mitumba mwilini na Mungu huwapokea.

Uliandika namba ya simu, nikaipiga. Ulikuwa unaoga, akapokea Phelister, na aliposikia sauti ya mwanamke ikimwulizia Dishon, akaniuliza kwa adabu kabisa kama mimi ndiye Maurine. Nikamwambia jina langu na kazi yangu. Barua yako sikumsomea. Alizungumza mwenyewe, na akaniruhusu nikuandikie aliyoyasema, kwa sababu, kwa maneno yake, wewe husikia vizuri zaidi neno likitoka nje.

Alijua tangu siku ile ya kwanza kwamba kompyuta si mpya. Alipoipangusa aliona herufi zimefutika kwenye vitufe, na chini pana alama ya kibandiko kilichobanduliwa. Hakujali. Mama yake alipika miaka yote kwa sufuria za kurithi na watoto walishiba. Alikuwa anangoja tu umwambie. Kengele ilipolia aliwaza kwamba labda Maurine ndiye mwenyewe wa zamani, na angekuuliza mkacheka pamoja, lakini ukamletea habari za kiwanda. "Mtu hadanganyi kwa ajili ya mtu asiyemjua," akaniambia. "Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza anamficha nani." Na mimi, Dishon, ningejiuliza hivyo hivyo.

Kisha akaniambia jambo ambalo wewe hukuliandika. Alisema katika nyumba ile kuna mwanamke mmoja anayeambiwa kila jioni kwamba amependeza, na si yeye. Nimekuandikia neno kwa neno. 

Sasa tuje kwenye mashine. Usiiguse tena ukiwa peke yako. Mketi wote wawili, na kwenye kiti akae Phelister. Kwanza anakili kazi zake zote kwenye flashi, hasa ya marehemu Nzivo, kwa kuwa familia ile ina msiba wake na haihitaji wenu. Picha ya ua uliyoitupa ilikuwa kama kibao cha mlangoni. Ukikitoa, mpangaji hahami. Afungue mipangilio ya kompyuta, aende kwenye orodha ya programu, aitafute ile ya vikumbusho kwa jina lake, achague kuiondoa. Mashine itamuuliza kama ana hakika. Usimjibie. Halafu aangalie orodha ya programu zinazojiwasha pamoja na kompyuta, na ikiwa bado imo aizuie, kisha azime mashine na kuiwasha upya. Mkikuta masalia mengine, michezo ya zamani au kinga ya virusi iliyokwisha muda, yatoeni kwa njia hiyo hiyo, moja moja, na msilolijua liacheni mpaka mumwulize Bedan, ambaye sasa mnaweza kwenda kwake wote wawili mchana kweupe. Mkikuta picha au barua za Maurine, futeni bila kusoma. Yeye alikuwa anajikumbusha kunywa maji, hana kosa na mtu.

Dada yako mfuate Majengo umweleze ukweli, maana aliondoka kwako na aibu ambayo si yake. Na hayo ya kumwambia Phelister amependeza, usiyaanze leo, atadhani umeyasoma kwenye kompyuta. Yaanze atakapokuwa amerudi chumbani kwa hiari yake, na useme jambo uliloliona kwa macho yako mwenyewe.

Lakini hayo yote yatangoja. Leo ukitoka kazini, kabla hamjakaa kula, mwambie: "Niliinunua mtumba kwa Bedan wa Mbotela, nikakudanganya." Sentensi ni hiyo tu. Ukifika mwisho wake utasikia neno "lakini" likikuwasha ulimini. Limeze, umtazame mkeo, na umwache aseme atakayosema, hata kama chakula kitapoa.

Mama Kavutha