Afya ya Baba

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Hili sijamwambia mtu yeyote: nikimwona baba akila, nasikia kichefuchefu.

Tangu nimalize shule namsaidia buchani. Mchana anakaanga mafuta ya nyama yaliyobaki, anakula vipande, kisha anainua kikaango na kunywa yaliyoyeyuka, yanamchuruzika hadi shingoni. Wateja wanacheka: "Bucha, una afya wewe!" Naye anajipiga tumbo kwa raha.

Pembeni ya macho ameota vinundu vya njano, kama samli iliyoganda. Mama anasema ni shibe. Daktari alipoviona alimpima damu, akasema imejaa mafuta, na kwamba mtu anaweza asihisi kitu mpaka mshipa wa moyo uzibe. Baba akamjibu, "Wewe umekonda kama spoku ya baiskeli, utanifundisha nini kuhusu afya?" Vidonge alivitupa.

Jana, akipanda ngazi ya nyumbani, alishika kifua na jasho likamtoka.

"Gesi tu, mwanangu. Nishike."

Nikamshika mkono. Ulikuwa unateleza kwa mafuta, nikaona kinyaa, nikauachia. Akakaa chini peke yake, akihema.

Shangazi, wewe ni dada yake mkubwa na anakuogopa wewe tu. Ukipata barua hii njoo umpeleke hospitali. Mwambie mimi ndiye niliyesema habari za kifua, akasirike atakavyo. Lakini kwamba niliuachia mkono wake, nakuomba, asijue kamwe.

Mimi mwanao,
wa buchani