Sauti Yako Katika Msikiti wa Kilwa

Mtaa wa Narung'ombe,
Kariakoo,
Dar es Salaam.

17 Aprili 2025

Mpendwa Ami Idrisa,

Assalaam aleikum, na shikamoo nyingi kutoka nyumbani. Baada ya salaam ni kukujulia hali. Baba anasema ulikohoa Ramadhani nzima. Umekwenda hospitali, au bado unajitibu kwa tangawizi na ubishi? Mama mdogo Mwanamkuu na watoto hawajambo?

Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Baba na duka lake la vitenge, Mama na jiko lake. Magoti yanamsumbua Bibi, lakini ulimi wake mzima kabisa. Ninaandika nikiwa dukani, mteja akiingia naweka kalamu chini, kwa hiyo usishangae nikirukaruka. Barua hii anakuja nayo Bi Chiku, jirani yetu, anayesafiri Jumapili kufuata mzigo huko Muscat. Ningeweza kukutumia ujumbe wa simu, ila ujumbe wetu wewe unaujibu kwa kidole gumba, na hili si la kidole gumba.

Kwanza nikueleze kazi iliyoninyima raha mwaka huu. Kuna mchezo wa kompyuta wa mambo ya kale. Unachagua taifa, unajenga miji, unalima, unafanya biashara, unapigana na majirani. Mataifa ya Kiislamu ya zamani yamo, yenye wapanda farasi na ngome, lakini pwani yetu haimo. Wenye mchezo wanaruhusu mtu kutengeneza taifa lake na kuliingiza. Basi mimi na rafiki yangu Joyceline, binti wa wale Wachaga wenye duka la jumla la vyombo mkabala na sisi, tukaamua kutengeneza Kilwa, ile ya enzi za dhahabu ya Sofala. Yeye anachora, mimi natunga kanuni.

Usicheke, Ami. Ni kazi nzito. Kila taifa lazima liwe na jambo ambalo wengine hawana, na mimi sikutaka farasi wala ndovu. Nilizunguka na swali hilo sili vizuri, silali vizuri, mpaka jibu nikalikuta hapa hapa dukani. Mteja wa Lubumbashi akishuka Kariakoo ana mwenyeji wake. Ataacha mizigo kwake, atakunywa chai kwake, na mwenyeji ndiye atakayemtembeza maduka mengine ili asipandishiwe bei. Nimesoma kwamba hata zamani wafanyabiashara waliofika pwani hii walipokelewa hivyo. Basi katika Kilwa yetu, mgeni akitia nanga, nyumba moja inampokea, na pande zote mbili zinatajirika.

Joyceline anasema ukarimu wangu utatumaliza. Tulipowapa watu wa mbali wajaribu, walituvamia na kutufuta mapema sana. Yeye anataka askari zaidi, mimi nataka nyumba za matumbawe zaidi, na tumeshanuniana si mara moja. Naongeza, napunguza, nafuta, naanza upya. Mama anasema nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu. Katika mchezo, jengo ukiligusa linatoa sauti. Soko lina makelele yake, kwa wahunzi kuna nyundo. Msikiti wetu ulikuwa bubu. Nikakumbuka ile memori kadi uliyomwachia Baba ulipoondoka, yenye adhana uliyoadhini kwenye msikiti mdogo wa mtaa wa Gerezani. Nikaichukua bila kukuuliza. Nisamehe kwa hilo. Ilikaa pale vizuri mno, nikaisikiliza nikashikwa na hamu ya kulia.

Lilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani, alasiri imekwenda sana. Joyceline alikuja kuona kazi, nami sikuwa na subira ya kutafuta vispika vya masikioni. Yeye mwenyewe aliuliza kama tupunguze sauti. Nikamwambia aache, nikagusa msikiti. Uani Bibi alikuwa ameshakaa kwenye mkeka, tende mkononi. Akasikia adhana, akapiga bismillahi, akala.

Mama alitoka jikoni na bakuli la uji akaduwaa, akamwuliza Bibi, "Mama, mbona jua bado lipo?"

Bibi akatema kokwa kiganjani. Hakugomba. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nimeshajua nilichofanya, naye akaniuliza, "Huyo si Idrisa? Amefika saa ngapi?" Kabla sijajibu akainuka kwa magoti yale, akashika ukuta, akaja mpaka sebuleni kukutafuta. Alitazama hadi nyuma ya mlango, Ami. Alipoona ni kompyuta akasema, "Haya," akarudi mkekani, akajizuia mpaka magharibi ya kweli.

Sauti yako niliiondoa kwenye mchezo siku ile ile. Kazi tutaipeleka kwa wenye mchezo msikiti ukiwa kimya, na Joyceline amekubali bila maneno. Lakini mimi situlii. Nikikaa nainuka. Adhana ya mtaani ikianza namtazama Bibi usoni.

Alhamisi iliyopita alifunga kulipa siku yake ile. Magharibi ikaingia, akafuturu, kisha akaniita nimwekee ile ya kwenye kompyuta. Nikamwekea. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema kifua chako kilikuwa kizuri siku hizo. Akaniomba niirudie. Sasa ananiomba kila siku, na mimi naona aibu kumpa mashine wakati mwenyewe yu hai.

Tangu msiba wa Babu hujazungumza na Bibi kwa mdomo. Salamu zako zote zinapitia kwa Baba. Unadhani ana kinyongo kwa sababu hukufika kumzika mzee. Nilimwuliza waziwazi. Alinijibu hivi: "Wa kumzika walikuwa wengi. Wanangu ni wawili tu."

Baba anakusalimu, Mama pia, na mjomba Safari wa Upanga anauliza kama bado unaipenda Simba au Waarabu wameshakubadilisha. Joyceline anasema shikamoo, ingawa hamjaonana. Mwenyezi Mungu akuponye kifua na akufungulie njia ya kuja.

Alhamisi ijayo Bibi atafunga tena, katika zile siku sita za Mfungo Mosi. Simu ya Baba itakuwa mkekani, mbele yake, na nimeshamwomba Baba asiende nayo msikitini. Piga magharibi yetu. Kwako itakuwa saa moja mbele. Usimwadhinie, wala usianze kujieleza, hayo yatapata siku yake. Mwambie tu, "Mama, futuru."

Mwanao akupendaye,
Nasreen