Watu Kumi na Tisa, Vyumba Viwili

Ibra, Omani, Ijumaa, siku za mwisho za Machi 2007

Joto limeingia kabla ya wakati wake. Tangu asubuhi upepo unaleta vumbi, madirisha tumeyafunga, kiyoyozi cha ukumbini kinakoroma kama mzee mwenye pumu, na mie nimekasirika. Nimekasirika wiki nzima, lakini leo ndiyo hasira imenifika kooni.

Skulini ninakosomesha tumepewa likizo ya wiki moja. Tunaiita likizo ya rabii, majira ya maua, ijapokuwa Ibra haina rabii. Ina baridi kidogo, kisha ina moto. Rabii yenyewe iko juu Jabal Akhdar, saa chache kutoka hapa, ambako sasa hivi mawaridi yanaanza kufunguka na watu wanalala na mablanketi.

Mimi na Suleiman, mume wangu, tulijaribu kupanda jabali hilo wiki ya harusi yetu. Mwaka wa kumi na nne huu. Siku hizo njia ilikuwa ya mawe matupu, na hupiti bila ya kibali. Suleiman aliazima Landikruza ya rafiki yake, akaoga, akajitia mafuta ya udi, tukaenda mpaka Birkat al-Mauz, chini ya jabali, na pale kwenye kizuizi askari akatuuliza kibali kiko wapi. Suleiman hakujua kama kunatakiwa kibali. Tukarudi Nizwa, tukala kuku ndani ya gari. Akaapa wallahi atanipeleka.

Njia imetiwa lami. Kibali hakitakiwi tena, ila gari liwe la kupanda mlima, na sasa tunalo letu wenyewe. Kwa hiyo mwezi uliopita nikatafuta nyumba.

Nilipewa simu ya mzee mmoja wa huko juu, Mzee Humoud, ana kijumba cha mawe pembeni ya shamba lake la makomamanga. Nilimsemesha Kiarabu, akasikia lafudhi yangu, akaniuliza kwa Kiswahili, "Binti yangu, nyinyi ni watu wa Unguja?" Nikamwamkia shikamoo. Kumbe ameishi Tabora miaka ishirini. Akaniambia nyumba ina vyumba viwili, choo kimoja, jiko la gesi, na kibaraza kinachotazama bonde lote.

Kibaraza hicho ndicho kilichonimaliza. Nilijiona nimekaa hapo na Suleiman, shali mabegani, chai ya tangawizi mkononi, na hapana mtu anayeniita mama wala mwalimu.

Sasa nije kwenye kosa langu, maana humu daftarini sidanganyi.

Siku niliyompa Suleiman habari, Mama alikuwa amekaa nasi anamenya tangawizi. Mama anakaa kwetu tangu Baba afariki. Maneno yalikuwa yameshapangika ulimini: nataka twende sisi wawili. Nikamtazama Mama na kisu chake, nikaona haya. Mwanamke wa miaka thelathini na minane, mwenye watoto watatu, nikaona haya kumwambia mama yangu kwamba nataka kutoka na mume wangu.

Nikasema, "Tutakwenda sote."

Neno moja hilo. Sote. Ndilo lililoniponza.

Siku ya pili ndugu yangu Khalfan akapiga simu kutoka Sur. Mama ameshamwambia. "Da Zuwena, na sisi tumo!" Yeye, mkewe Thuraya na watoto wanne. Sisi tulikuwa sita, tukawa kumi na wawili. Nikajiambia haidhuru, Khalfan ni damu yangu. Siku ya tatu Suleiman akaniambia, tena kwa furaha, kwamba amemwalika kaka yake wa Samail. Huyo ana mke na watoto watano.

Kumi na tisa.

Nikampigia Mzee Humoud kumwambia. "Binti yangu," akasema, "hii ni likizo au harusi?"

Wiki nzima simu haikupoa. Thuraya anauliza choo ni cha kukaa au cha kuchutama. Mke wa shemeji anauliza kama huko kuna nyoka. Munira, binti yangu mkubwa, hataki kulala na watoto wa Khalfan kwa sababu wanapiga mateke usingizini. Kila mtu ana swali, na kila swali linakuja kwangu, kama kwamba jabali lile nimelijenga mimi. Na kila nikimwangalia Suleiman aniokoe, ananitazama kwa upole na kusema, "Inshallah itakuwa nzuri."

Leo, baada ya sala ya Ijumaa, Khalfan na familia yake wamekuja kula na kupanga safari. Nimepika wali wa nazi, mchuzi wa papa na bilingani za kukaanga. Tumekula vizuri. Kisha Khalfan akajipangusa mikono, akajifanya mkuu wa msafara.

Kwanza, gari lake ni dogo, pale kizuizini halitaruhusiwa. Kwa hiyo watoto wake wataingia katika gari letu, na mie nitakaa nyuma kabisa na masufuria. Pili, Jumatano kuna mpira, lazima televisheni ichukuliwe pamoja na dishi lake. Tatu, kulala.

"Rahisi," akasema. "Wanaume chumba kimoja, wanawake na watoto chumba cha pili."

Nikahesabu. Wanaume ni watatu. Wanawake na watoto ni kumi na sita.

"Na Da Zuwena atatupikia pilau," akaendelea, "hapana anayemfikia."

Nilikuwa nimeshika upawa. Sikuutupa, nasema kweli, lakini uliponitoka mkononi uliangukia kwenye sinia la shaba kwa kishindo, na punje za wali zikaruka mpaka kwenye abaya ya Thuraya.

"Mimi siendi!" nikasema. "Nendeni nyinyi. Chukueni televisheni, chukueni masufuria, pikeni wenyewe. Mimi siendi popote!"

Sijawahi kupiga kelele mbele ya wageni. Suleiman alinitazama kama aliyeona kabati linasema. Nikakimbilia jikoni.

Mama alinifuata pole pole, na magoti yake yale yanayomuuma. Akafunga mlango. Hakunifokea. Alichukua kitambaa akaanza kupangusa bakuli lililokwisha kukauka.

"Una nini?"

"Nimechoka, Mama."

"Kuchoka kwako nakujua tangu una miaka sita. Ukichoka unalala. Huku si kuchoka."

Nikamwambia. Sijui ujasiri ulitoka wapi, labda ulikuwa ule ule wa upawa. Nikamwambia kwamba nilitaka kwenda na Suleiman. Sisi wawili.

"Na sisi wengine?"

"Bila nyinyi. Nisamehe, Mama."

Aliweka bakuli chini. "Mwaka wa kumi na nne umo ndani na mumeo, unamwonea haya nani? Mie? Kwani wewe nilikununua sokoni Darajani?"

Nikacheka na huku machozi yananitoka. Mama hakucheka. Akaniambia na yeye hakulitaka jabali, baridi inamla mifupa na njia za kupinda zinamtia kichefuchefu. Alikubali kwa sababu aliniona nimefurahi, hakutaka kunivunja moyo. Wiki nzima amekuwa akiwaza atakavyojizuia asitapike garini.

Kisha akatoka. Nilidhani amekwenda kukaa. Nikaisikia sauti yake ukumbini, ile sauti yake ya kusomesha watoto chuo cha Kurani, inayofika mpaka uani.

"Sikilizeni. Mie jabali silipandi. Jumatano nakwenda Wadi Bani Khalid na wajukuu wangu wote, wakaoge mabwawani. Anayetaka anifuate. Zuwena na mumewe wana safari yao wenyewe, waacheni wende."

Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Khalfan aliangua kicheko. Munira, miaka kumi na mitatu, akasema "Mama!" kwa sauti ya mtu aliyeaibishwa mbele ya dunia nzima. Nilitoka jikoni kwa sababu kujificha kulikuwa kubaya zaidi.

Thuraya hakucheka. Alikuwa anaokota punje za wali kwenye abaya yake, moja moja. "Sisi watoto tumeshawaambia," akasema. "Tumewanunulia masweta." Yeye ni mtu wa Aija, huko huko Sur, Kiswahili amejifunza kwetu baada ya kuolewa, na hukisema taratibu, kwa hiyo kila neno liliniingia. Nikamwomba radhi. Akasema mafi mushkila, hapana taabu, na sote tulijua mushkila ipo. Waliondoka kahawa haijamiminwa.

Ana haki. Mie ndiye niliyesema sote. Hakujialika, alialikwa na mdomo wangu. Kesho nitampigia, na sitamtuma Mama.

Walipokwisha kuondoka nilimkuta Suleiman uani, anamwagilia mlimau ambao nilikuwa nimeshaumwagilia asubuhi. Maji yanafurika, yeye kasimama tu na mpira wa maji mkononi. Yeye amezaliwa Bujumbura, Mama husema Kiswahili chake kimejaa vumbi la bara, lakini siku zote mimi humlaumu kwa uchache wa maneno, si kwa lafudhi.

"Kumbe," akasema.

"Kumbe nini?"

"Kumbe ulitaka tuwe sisi tu."

"Wewe ulidhani nataka nini? Watu kumi na tisa?"

Alifunga maji. "Kaka yangu nilimwita kwa ajili yako, Mama Munira. Mimi sina maneno. Nikirudi kutoka dukani nimechoka, nakula, nalala. Nikasema ukikaa na mimi siku mbili tupu, juu ya mlima, utajuta. Bora uwe na watu wa kuzungumza nao."

Nilikuwa na hasira zangu zote bado, nimezipanga vizuri, nilitaka kumwaga. Zikanipotea. Wiki nzima nimemnunia mtu kwa kunijazia nyumba, naye ameijaza kwa kuogopa kwamba hanitoshi.

"Si ungeniuliza?" nikamwambia.

"Na wewe si ungesema?"

Tukabaki tunatazama tope.

Akatoa simu yake ampigie kaka yake wa Samail. Nilisimama pale pale nisikie, sikuondoka. Alianza kwa salamu, habari za watoto, habari za mitende, mpaka nikaona ataaga bila kusema kitu. Kisha akasema, "Ndugu yangu, ile nyumba, wameniambia imejaa." Nikatikisa kichwa. Akanitazama. "Hapana, nimekudanganya. Haikujaa. Nataka kwenda na mke wangu peke yetu."

Kicheko cha kaka yake nilikisikia hapo niliposimama. Suleiman alikuwa mwekundu mpaka masikioni, na wala hakukata simu. Alingoja kicheko kiishe, akaagana naye vizuri.

Mie nikampigia Mzee Humoud.

"Mmekuwa wangapi sasa?" akauliza, na nilisikia anavyojitayarisha.

"Wawili, baba."

"Alhamdulillahi! Nilikuwa nimeshaazima magodoro kwa majirani watatu. Basi nitayarudisha. Njooni, mawaridi yameanza."

Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Jumatano watoto wanakwenda kuoga Wadi Bani Khalid na bibi yao. Khalfan ameshamtumia Mama ujumbe kwamba yeye na watoto watakuwepo, Thuraya hakutajwa. Munira hasemi na mie. Amekula chakula cha jioni na kitabu usoni.

Na mimi nimepata nilichokitaka, na sasa kinanitisha.

Nimejaribu kukumbuka mara ya mwisho Suleiman na mimi tulikaa peke yetu mchana kutwa. Siipati. Safari ya hospitali Maskati haihesabiki, pale kila mmoja alikuwa anatazama namba ukutani. Tunazungumza kila siku, lakini ukiyachuja mazungumzo yetu hupati zaidi ya gesi imekwisha, mtoto ana homa, funga geti. Siku mbili kibarazani tutazungumza nini? Tukiyamaliza ya gesi asubuhi ya kwanza, mchana tutasema nini?

Amepita hapa sasa hivi, amesimama mlangoni na sweta mbili mkononi, ya kijivu na ya kijani. Hakuuliza kitu. Amezinyanyua tu nizione, kwanza hii, kisha ile. Nikamwonyesha ya kijani. Akaenda zake.

Wageni wakija nyumbani kwangu, hata kabla hawajavua viatu, ninawauliza hali zao, nawauliza tena wakikaa, na tena kahawa inapoletwa. Mume wangu ninamwuliza kama amekula. Sikumbuki ni lini nilimwuliza hali yake, kisha nikakaa kimya kumngoja ajibu.

Juu ya jabali nitaanza na swali hilo. Na akichelewa kujibu, nitangoja.