Kidole Gumba na Salamu za Ijumaa

Ijumaa, jioni. Mvua ya alfajiri ilikatika saa mbili, jua likatoka kali, na ziwa leo limetulia. Hasira zangu za asubuhi zimekwisha. Niandike kabla sijasahau.

Kwa asiyejua kisa: mwaka jana baba mdogo alipatwa na kiharusi. Mguu ulirudi, ulimi ukarudi, mkono wa kulia ukakataa. Amepiga gitaa maisha yake yote, na alichokipenda zaidi ni bluzi za mashambani, zile za Wamarekani weusi wa zamani, alizojifunza kwenye kaseti aliyoachiwa na fundi mmoja wa meli. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto anakivisha kipande cha shingo ya chupa, anakitelezesha juu ya nyuzi, na gitaa linalia kama mtu. Mkono huo bado mzima na unakumbuka kila kitu. Umekosa mwenzake tu.

Basi nikajitolea kuwa mkono wa kulia.

Msicheke. Yeye anakaa kwenye kigoda na gitaa lake, mimi kwenye kiti nyuma yake, mkono wangu unapita chini ya kwapa lake mpaka kwenye nyuzi. Mtaa mzima wa Ujiji ulitucheka wiki ya kwanza, kisha ukachoka.

Sharti alilonipa ni moja. Kidole gumba kitembee kwenye nyuzi nene, huku na huku, bila kusimama, wakati cha shahada na cha kati vinadokoa nyuzi nyembamba. Kiganja kiguse nyuzi kidogo ili besi zisivume ovyo. "Siku gumba lako litakapotembea lenyewe, nitavaa chupa," alisema. "Ramadhani ikifika bado, gitaa tumpe mtu mwingine."

Tangu hapo chupa imekaa mfukoni mwa shati lake. Miezi mitatu sasa, na Ramadhani inabisha hodi. Sikuogopa kupoteza gitaa. Niliogopa kumwona amekaa barazani na mikono yote miwili imelala mapajani.

Tatizo langu ni salamu.

Tunafanyia mazoezi barazani, na huku kwetu hakuna anayepita kimya. Mama muuza dagaa wa Mwamgongo ananisalimu kwa Kiha, "Mwakeye!" Nikiitikia tu, gumba linasimama. Nimelelewa hivyo: ukisalimiwa unaacha ulichoshika, unamtazama mtu, unamuulizia na wa nyumbani kwake. Nilimwomba baba mdogo tuhamie ndani. Akasema, "Ndani hakuna watu. Utampigia nani?"

La pili ni kucha. Mwalimu ninayemtazama kwenye simu anazo ndefu, nami nikazifuga miezi miwili, nikizitunza kama bibi harusi. Kila nikipiga baba mdogo anakunja uso. "Unakwangua ukoko, wewe."

Leo asubuhi mama mdogo, mkewe, alimkata kucha kwa wembe kama afanyavyo kila Ijumaa tangu augue. Alipomaliza akaukamata mkono wangu.

"Lete na wewe. Utaingia msikitini na makucha haya?"

Nikampa na wa pili. Ni mama. Kucha zangu zote zikaangukia kwenye gazeti. Nilikwenda kuswali nimenuna, na nakiri hapa kwamba hotuba sikuisikia.

Tuliporudi tukakaa kama kawaida. Nikapiga kwa nyama ya kidole, kwa kuwa sina kingine. Besi ikatoka nene, fupi, haina mkwaruzo. Baba mdogo akainua kichwa. Nikaendelea kutembeza gumba, huku na huku, nikisikia mbavu zake zinavyopumua kwenye mkono wangu.

Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa chupa, akampa mama mdogo na kumnyooshea kidole cha mwisho. Mama mdogo akamvisha, halafu akaingia ndani haraka. Najua alikwenda kulia.

Mtelezo wa kwanza ulikosa sauti kidogo. Wa pili ukafika. Nilitaka kulia na mimi, lakini nilikuwa na kazi.

Jirani yetu mmoja, mzee anayependa maneno, akapita akitoka msikitini. "Asalaam aleykum, wenye gitaa!" Nikaitikia. Nikampa shikamoo yake, nikamuuliza hali ya mkewe, tukaongea habari za mvua. Alipokunja kona ndipo nilipokumbuka gumba.

Lilikuwa bado linatembea.

Wimbo ule mmoja tuliurudia sijui mara ngapi. Sehemu ya katikati bado naivuruga, vidole vinagongana. Mpaka Ramadhani zimebaki siku chache, na nadhani sasa zitatosha. Kucha nitazikata kila Ijumaa, mwalimu wa kwenye simu anisamehe.

Ilipoadhiniwa Alasiri mama mdogo alikuja na birika la kutawadha, akataka kumvua chupa. Baba mdogo akaurudisha mkono nyuma.

"Ngoja kwanza," akasema. "Mara moja tu, halafu nakuja."