Jina Ulilotuachia Kalemie

Atupele, ndoyi wa mwanangu, wewe unayegawana naye jina,

Nilipoanza kuiwaza barua hii nilitaka kukuandikia neno moja tu: chukua tena jina lako. Ningempa kiongozi wa kikundi chenu anayevuka kwenda Kigoma, nami ningerudi kwenye magunia yangu. Lakini mambo yamekwenda vingine, na sasa lazima nieleze tangu mwanzo, maana naona wewe umesahau, na mimi nimechoka kukumbuka peke yangu. Naiandika waziwazi, ili yeyote anayekufahamu huko Mbeya akusomee. Ile namba ya simu uliyotuachia siku hizi ni ya mwanaume mmoja wa Tabora. Ni mtu mwema. Mwanangu humwimbia nyimbo za kanisa, naye husikiliza mpaka mwisho, kisha ananiomba kwa adabu tusimpigie tena.

Unakumbuka siku mliposhuka? Meli ilikuwa imechelewa. Sisi wabebaji tulikaa tangu asubuhi juu ya mifuko ya sima, ile saruji ya Kabimba, tumbo tupu, tukisubiri mizigo yenu. Mkaja ninyi wanafunzi wa chuo kutoka Tanzania, wageni wa kanisa letu, fulana za rangi moja, magitaa na maboksi. Nikashika sanduku lako, ukalivuta. Ukaniambia, "Hapana baba, wewe ni mkubwa kwangu, nitabeba mwenyewe." Wenzako waliposikia hivyo, kila mmoja akajitwika la kwake, mkapanda kilima mkiimba, nasi tukabaki mikono mitupu. Papa Sumaili, mkubwa wa timu yetu, akawatazama mpaka mkapotea, akasema, "Hawa wamekuja kutuokoa na kazi." Ulifikiri unaniheshimu, Atupele. Jioni ile nilikula muhogo mkavu kwa sababu ya heshima yako.

Mimi si mwenyeji wa Kalemie, hilo nilikwambia. Natoka kaskazini, upande wa Ubwari, kwa wavuvi. Nilikuja huku kubeba mizigo kwa muda mfupi, mpaka mambo ya kwetu yatulie. Hayajatulia. Shule niliiacha katikati ya msingi, kwa hiyo usitafute maneno makubwa humu. Lakini kanisani nilikuwa na nafasi yangu, na mke wangu Esta ndiye aliyepewa kazi ya kuwapikia. Alikuwa na mimba kubwa, na bado alisonga bukari, ugali mnavyoiita ninyi, ya kundi zima, kwa kuwa pasta alisema wageni wa Mungu hawalali njaa.

Nilipotoka bandarini nilikuwa nachota maji ya jikoni, na hapo ndipo nilipokuwa nawaona mkifundisha. Asubuhi mlikuwa na wanafunzi wa sekondari. Mlileta vitabu vya Kiingereza, na vijana wetu wanasoma kwa Kifaransa, basi mkawa mnauliza kwa lugha moja na kujibiwa kwa nyingine, wote mnatabasamu. Mchana mlikuwa na watoto. Wenzako walipenda kuimba na kupiga picha. Wewe uliketi chini na wale wadogo wasiojua kushika kalamu, ukawashika mkono, mmoja mmoja, bila haraka. Esta aliliona hilo kutoka jikoni. Aliniambia, "Huyu mmoja ana moyo wa mama." Mimi nilikuwa bado nina hasira ya sanduku.

Halafu ile siku. Esta alikuwa anasonga bukari, wewe ukimsaidia kumimina unga, akaachia mwiko, akachuchumaa. Mimi niko bandarini, sijui lolote. Nilisimuliwa baadaye na kila mtu, maana mtaa mzima uliona. Pasta aliita maombi, wenzako wakashikana mikono, wakamzunguka wakaanza kuomba kwa sauti. Wewe ulitoka kwenye lile duara, ukaenda barabarani na mikono ya unga, ukasimamisha pikipiki. Ulimpakia, ukakaa nyuma yake ukimshikilia kiuno, mkaenda hivyo hadi maternite, wodi ya wazazi. Nilipofika mimi, sima kichwani na usoni, muuguzi alinikataza nisimkaribie mtoto. Wewe ndiye uliyekuwa umembeba, umemfunika kwa khanga yako mwenyewe, na ulikuwa unalia kuliko yeye.

Esta akasema, akiwa bado amelala, "Huyu ataitwa kama wewe." Nikakuuliza rasmi, maana kwetu jina halichukuliwi kama unachukua tunda sokoni, mwenye jina anaulizwa. Ukacheka katikati ya machozi. "Jamani, nina wajina Kongo!" Pasta alipofika ukarudia mbele yake, ukiwa umemwinua mtoto. Ulisema, "Huyu ni wangu. Akianza shule, nitakuja kumpeleka mwenyewe."

Hakuna aliyekulazimisha kusema hivyo. Ungeweza kusema asante, tungeridhika.

Kwenu labda wajina ni mtu wa kumsalimia kwa kicheko mkikutana njiani. Huku ndoyi ana kazi. Mtoto akisukwa nywele mara ya kwanza, wanauliza ndoyi wake amesema nini. Akiugua, ndoyi anakuja na sufuria ya uji bila kuitwa. Baba akikasirika, mtoto anakimbilia kwa ndoyi, na baba hawezi kuvuka ule mlango na fimbo. Watoto wote wa mtaa wetu wana mahali pa kukimbilia. Wangu akikimbia anateremka mpaka bandarini, anakaa juu ya magunia akiangalia maji, na wenzangu wananiita, "Papa Atupele, binti yako amekuja tena kupanda meli." Nashusha mzigo wangu, naenda kumchukua. Hasira yote imeisha, na mgongo unauma.

Halafu kuna mama yangu. Kwetu binti wa kwanza hubeba jina la mama wa baba. Mama yangu anaitwa Wabiwa, na alikuwa analingojea jina hilo kama watu wanavyongojea mvua. Nilipompigia kumweleza, aliniuliza hilo jina ni la kabila gani. Nikasema la Watanzania wa mbali, wa milimani. Akaniuliza kama huyo mwenye jina atakuja kumlea mtoto. Nikamwambia kifua mbele, ndiyo, amesema mbele ya pasta. Tangu siku ile, kila nikipiga, kabla ya salamu, ananiuliza, "Huyo wa milimani amefika?"

Nimwambie nini? Vikundi vinafika, kila likizo kubwa, lakini si wewe. Wanakuja na fulana nyingine za rangi moja. Wanafundisha ule wimbo wa makofi. Wanafundisha watoto kusugua meno. Mwanangu amefundishwa kusugua meno na kila kikundi, hata lile jino lililokuwa linalegea alilisugua vizuri mpaka likang'oka. Na kila mara anavaa gauni lake la kanisa, anasimama mbele ya kiongozi na kusema, "Mimi njo Atupele. Ndoyi yangu atakuja lini?" Wanafurahi. Wanapiga picha naye. Wanasema, tutamwambia. Sijui kama wanakwambia. Kama wanakwambia, basi hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Mwaka huu ndio wa kuanza shule. Alikuwa ametangazia mtaa mzima kwamba ndoyi wake atavuka ziwa kuja kumpeleka. Watoto wenzake wakaanza kumtania, wakamwita mutoto wa meli. Akarudi nyumbani amevimba uso, akakataa kula samaki wa mikebuka, na anaipenda mikebuka kuliko nyama. Mimi nikasema sasa inatosha. Nikampigia mama yangu, nikamwambia nitakapomwandikisha shule nitaandika Wabiwa. Mama alipiga vigelegele vya kukufanya uweke simu mbali na sikio. Esta hakupinga. Alisema tu, "Ungojee kikundi cha mwaka huu kwanza." Esta ana uvumilivu ambao mimi umeniishia kwenye ngazi za meli.

Kikundi kikafika. Safari hii walinipa masanduku yao nibebe, wamefundishwa na nani sijui. Kiongozi wao, kijana mpole wa miwani, akaniuliza kama ndimi baba wa Atupele. Akanipa kifurushi. Akasema umeolewa, umepata kazi, umebanwa sana, na unamsalimia wajina wako kwa upendo mwingi.

Tulifungua nyumbani, wote watatu. Ndani kulikuwa na gauni la waridi, na kofia yake. Zuri, siwezi kusema uongo. Lakini ni la mtoto mchanga, Atupele. La mtoto wa kubebwa. Mwanangu alilinyoosha kifuani, likaishia juu ya kitovu. Alijaribu kuingiza mkono, kiganja kikagoma kupita. Nikaelewa basi kwamba kichwani mwako huyu bado amelala ndani ya ile khanga, pale maternite, na wewe bado unalia. Sisi tumemlisha, tumemkesha na malaria, tumemfundisha kuchota maji. Kwako hajakua hata kidogo.

Aliniuliza, "Papa, ndoyi hajui mimi nimekuwa mukubwa?"

Nikamjibu kwamba hajui. Nilikuwa na maneno mengine mdomoni, nikayameza kwa sababu Esta alikuwa ananitazama. Mtoto alilikunja lile gauni vizuri, na kofia juu yake, akatoka nalo. Nilifikiri anakwenda bandarini kulitupa majini. Nikasema moyoni, na alitupe.

Siku ya kuandikisha nilimshika mkono tukaenda. Mama mkurugenzi wa shule, amekaa mezani kwenye biro yake, ofisini, akauliza jina la mtoto. Nikasema Wabiwa. Mwanangu akaniachia mkono. Akasema, "Hapana, mama. Mimi njo Atupele." Nikamwambia tumeshaongea nyumbani, jina hilo tumelirudisha kwa mwenyewe. Mama mkurugenzi akaweka kalamu chini, akawa anatutazama kama watu wanaogombania kuku.

"Haliwezi kurudi, papa," akasema mwanangu. "Nilishamupatia mutoto wa Mama Zawadi."

Sikuelewa. Mama Zawadi ni jirani yetu, tunagawana ukuta. Alikuwa amejifungua wiki hiyohiyo. Nikaomba ruhusa, nikarudi mtaani kwa hasira, mtoto nyuma yangu. Tukamkuta Mama Zawadi mlangoni, mtoto mapajani, amevaa gauni la waridi na kofia yake. Limemkaa sawasawa. Nikamwomba anieleze, akacheka. Alisema mwanangu alikuja na lile gauni mikononi, akapiga hodi, akasalimia, akamwambia kwamba anatafuta ndoyi na nguo ya kwanza amekuja nayo. "Aliniuliza kama muntu mukubwa," akasema Mama Zawadi. "Sasa ningemukatalia namna gani?"

Ningemwambiaje mtoto mchanga avue jina? Nikarudi shuleni, nikamwambia mama mkurugenzi aandike Atupele. Akaniuliza kama nina hakika safari hii. Nikamwambia aandike tu.

Kilichobaki kilikuwa mama yangu. Nilijiandaa kutukanwa. Nikamweleza yote, gauni, kofia, jirani. Akaniuliza kama mtoto huwa anakwenda kweli kumwona huyo ndoyi wake, au ni mchezo tu. Nikamwambia anakwenda kila siku. Anafua vitambaa vyake, na sabuni ni ya kwetu. Mama Zawadi akichelewa sokoni, mtoto yuko kwetu, analia mgongoni mwa mwanangu. Nimechoka bandarini, narudi nakuta ukoo mpya nyumbani. Mama akasema, "Basi hilo jina limepata mutu. Barabara ikifunguka, umulete nimuone." Na hakuniuliza tena kama wa milimani amefika.

Nitakwambia ninavyojisikia leo, maana wewe hujaniuliza. Bado nina hasira. Kikundi kijacho kikija na wimbo wa makofi, nitakibebea masanduku na nitanyamaza, lakini uso wangu utauona hata kutoka Mbeya. Pia siwezi kuisahau mikono yako ya unga, ukisimamisha pikipiki wakati wengine wamefumba macho. Hayo mawili yanakaa pamoja ndani yangu na hayapatani, na nimeacha kuyapatanisha. Sitaki nguo nyingine. Nataka ujue tu umri wa mtoto.

Asubuhi ya kwanza ya shule nilimpeleka mimi. Nilikuwa nimeomba ruhusa kwa Papa Sumaili. Shati jeupe, sketi ya buluu, nywele Esta amezisuka usiku. Tulipotoka hakugeukia ziwani. Alipita kwanza kwa Mama Zawadi, akainama juu ya mkeka, akamwambia yule mchanga jambo, polepole, kama anayemwambia mtu mzima. Nilisikia yote, nilikuwa mlangoni. Alimwambia, "Ukianza shule, nitakupeleka mimi mwenyewe."

Nilitaka kumkataza. Nilitaka kumwambia maneno hayo tumeyasikia. Kisha nikatazama ule ukuta wetu wa matofali mabichi, upande huu yeye, upande ule mwenzake. Huyu hana ziwa la kusingizia.

Lala salama huko milimani, na ukipata mtoto wako, mwambie ana dada.

Ni mimi, baba wa ndoyi wako, na babu asiyeombwa wa ndoyi wake.